Mikono Chini ya Mfuniko

Asubuhi ya kuosha tangi, mwoshaji alivaa mabuti yake ya mpira, akajifunga kitambaa puani, akasimama kando ya ngazi kusubiri pampu inyonye maji yaliyobaki. Kwenye rafu zilizopandana hadi darini, saladi changa zilikaa kila moja kwenye tundu lake, mizizi ikining'inia ndani ya mabomba ya maji, udongo hakuna hata chembe. Taa za zambarau ziliwaka, jua liwepo lisiwepo.

"Kitendawili!" aliita bibi mpanga miche.

"Tega."

"Nala mwanga, nanywa maji, mdomo sina."

"Mwani, bibi. Kila wiki ni huo huo."

"Basi, hata leo sikupata mji," bibi akanung'unika.

Mwani ndio uliokuwa adui wa nyumba ile. Ukipata mwanga kidogo tu penye maji, unashika kuta kwa utelezi wa kijani, unaziba mabomba, unainyima mizizi pumzi. Kwa hiyo kila tundu lilizibwa, na tangi lilifunikwa hata wakati wa kuoshwa, mwoshaji akiwa ndani. Alisugua kwa kupapasa. Mfuniko ni mzito, peke yake hauinui; akimaliza anagonga, anafunguliwa.

Dada yake aliwahi kugonga. Msimamizi alikuwa amekwenda kuongea na simu, na dawa ya kuulia mwani haina mchezo mahali pasipo hewa. Ikasemwa ameteleza. Mdogo wake, ndiye mwoshaji huyu, akarithi brashi, maana nyumbani walibaki mama yao na watoto wawili wa marehemu, na wote wanakula.

Tangu hapo mwani wa tangi lile ukawa unaota gizani. Uliota chini ya mfuniko, umbo la mikono miwili, vidole vimetanuliwa, inasukuma juu. Ikisuguliwa, inarudi imenenepa. Fundi aliitwa, akatazama, akasema ni mwani sugu. Msimamizi akaongeza dawa.

"Leo usiache hata kidole," alisema.

"Bosi, nakuomba, mfuniko ubaki wazi kidogo."

"Saladi zikifa nitamwambia nini mwenye mali? Shuka, mama. Mimi nipo hapa hapa."

"Hata siku ile ulikuwepo hapa hapa."

Msimamizi akatazama viatu vyake. Mwoshaji akashuka, mfuniko ukashuka nyuma yake.

Giza lilikuwa giza hasa. Alinyoosha mkono juu, vidole baridi vyenye utelezi vikaupokea. Kimoja kilikuwa kimepinda. Kilibanwa na mlango utotoni.

"Shikamoo, dada," alisema, meno yakigongana.

Vidole vikambana mara moja, kama kuitikia.

Alisugua kuta, juu hakugusa. Dawa ikamwingia machoni, halafu kifuani. Akagonga. Kimya. Akagonga kwa mpini wa brashi. Huko nje simu iliita, kisha hatua zikaenda zao. Hapo ile mikono ikajikaza kwenye mfuniko, ikausukuma. Ukainuka. Hewa ikaingia, na bibi akaja mbio kumvuta nje.

Msimamizi aliporudi alimkuta sakafuni akikohoa. Akainama, akachungulia chini ya mfuniko.

"Mikono bado ipo. Hukusugua."

"Ndiyo iliyonifungulia."

"Najua," alisema, bila hasira. "Ndiyo inayoingiza mwanga."

"Mfungulie wewe basi, ili isiwe na kazi!" bibi alimaka.

"Bibi, miche inakungoja."

Wiki iliyofuata fundi alikuwa ameshafunga komeo kwa nje. Mwoshaji alishuka, maana kule nyumbani hakuna aliyeacha kula, akasikia chuma kikiingia mahali pake. Mikono ya kijani ilimpapasa uso, ikamfuta machozi, ikarudi juu na kuanza kusukuma. Naye akainua ya kwake, akaiweka kando ya ile, wakasukuma pamoja.