Vitu Ambavyo Sikumnunulia

Kesi nilishinda. Nataka hilo lieleweke mapema, maana nikianza kueleza mambo yalivyo hapa nyumbani sasa, watu hudhani nilishindwa. Hakimu alisema wazi kwamba mfuko wangu ni wangu na hakuna mwenye ruhusa ya kuuchungulia. Nilitoka pale kifua mbele.

Mimi ni fundi friji. Karakana yangu iko mbele, nyumba iko nyuma, na ubavuni kuna uchochoro ambao mtu mnene hupita upandeupande. Mke wangu nilimwoa akiwa na binti wa miaka minne. Sasa ana tisa. Mama mtu anauza kwenye duka la dawa, kazi ya kusimama kutwa, anarudi jioni miguu imevimba. Kwa hiyo mtoto akitoka shule alikuwa anashinda kwangu. Mle karakana kuna friza moja kubwa ya kulala, imekufa zamani, mashine nimeshaing'oa, mfuniko wake umenyooka vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa meza yake. Anatandaza madaftari juu ya mfuniko, anakaa kwenye kreti ya soda, halafu anaanza kunisimamia.

"Ile ya mama wa kona umemaliza? Atakuja kugomba hapa, mimi sitamjibu."

Nikamwita Bosi. Yeye akaniita Baba Baridi, kwa ajili ya friji, na mtaa mzima ukadakia. Baba yake mzazi yupo, yeye anaitwa Baba bila nyongeza, na sikuwahi kuona wivu. Au niliona kidogo. Mtu akikuapia kwamba hana wivu, mtazame mara mbili.

Huyo baba ni mwalimu wa udereva. Ana kigari kimoja chenye kibao juu, na tangu waachane na mke wangu alikuwa akileta matunzo ya mtoto kila mwezi kama mahakama ilivyopanga. Simsingizii, alikuwa analeta. Mwaka huu wanafunzi wakampungukia, akapeleka maombi apunguziwe. Mpaka hapo sina neno. Ila aliongeza sababu ya pili, na hiyo ndiyo iliyonichoma: kwamba mama wa mtoto ameolewa, mume ana karakana, wateja wanapanga foleni, basi na kipato cha mume kitazamwe. Ikaja karatasi inataka taarifa zangu za benki na hesabu za kazi zangu.

"Onyesha tu," mke wangu akasema. Alikuwa anakunja nguo zilizokauka. "Wataona, watampunguzia kidogo au hawatampunguzia, maisha yataendelea."

"Sionyeshi."

"Kwani una nini cha kuficha?"

"Sina. Ndiyo maana sionyeshi."

Akacheka, akidhani ni utani wangu wa kawaida. Alipoona sicheki, akaacha.

Hakuwa akijua, maana sikuwahi kumsimulia. Ndoa yangu ya kwanza ilivunjikia kwenye kikao. Shemeji zangu walikaa sebuleni kwangu, dada yao akawapa daftari langu la kazi, na mkubwa wao akasoma mapato yangu kwa sauti, mwezi baada ya mwezi. Ulikuwa mwaka mbaya. Walipofika mwezi ambao sikuletewa hata friji moja, yule mdogo akaangua kicheko. "Kumbe dada alikuwa anakula upepo," akasema. Soda walizokuwa wanakunywa nilizinunua mimi. Mwanamume akishavuliwa hivyo mbele za watu, hakubali tena mtu amguse hata kifungo.

"Mficha uchi hazai," mke wangu akasema.

Ni msemo tu, kila mtu anausema, kwamba anayeficha shida yake hasaidiwi. Lakini mimi sijawahi kupata mtoto, si kwa yule wa kwanza, si kwa huyu. Akaliweka chini shati alilokuwa amelishika. "Sikumaanisha hivyo," akasema. Nikamwambia najua, nikaenda kukaa karakana.

Siku ya shauri shule zilikuwa zimefungwa na hatukuwa na wa kumwachia mtoto, tukaenda naye. Alikaa kwenye benchi la korido na kitabu chake cha kuchora. Chumba cha hakimu kilikuwa kidogo, na kiyoyozi chake kimekufa: feni inazunguka, kompresa ya kuleta baridi haishiki. Hakimu, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alikuwa anajipepea kwa faili. Akamwambia karani aache mlango wazi tupate hewa. Mambo ya familia hayasikilizwi mlango wazi, lakini joto halina adabu.

Baba mtoto akasema yake. Kisha nikasimamishwa mimi, nikaapishwa.

"Bwana, wewe si mhusika hapa," hakimu akaniambia. "Mtoto ana wazazi wawili na wote wapo. Siwezi kufungua hesabu zako kwa sababu tu umeoa. Ila nikuulize swali moja, maana ombi limekutaja. Kwa hiari yako mwenyewe, unamgharamia mtoto huyu? Ukisema ndiyo, itabidi nione ni kiasi gani. Ukisema hapana, naishia hapo."

Mke wangu akanitazama. Hakuniashiria kitu, alinitazama tu. Na mimi nikawaona shemeji zangu wa zamani wamekaa mle ndani na soda zangu mikononi.

"Hapana, mheshimiwa."

"Humnunulii chochote?"

"Chochote. Mtoto si wangu, ana baba yake. Mimi sijamnunulia hata soksi."

Habari za soksi sikuulizwa. Niliziongeza mwenyewe, maji ukishayavulia nguo, unayaoga. Hakimu akaandika, kisha akanikumbusha, bila ukali, kwamba nimeapa, na kwamba kudanganya mahakama ni kosa la jela. Nikasema naelewa. Ombi la kutazama kipato changu likakataliwa, na matunzo yakabaki vilevile.

Tulipotoka, Bosi hakuwa kwenye benchi. Alikuwa amesimama ubavuni mwa mlango, penseli mkononi. Siku ile alivaa viatu vyekundu vya kamba, nilivyomnunulia mimi baada ya yeye kuvisimamia dirishani mwa duka wiki nzima. Akavitazama viatu, akanitazama mimi.

"Tumeshinda, Bosi," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema.

Shule zilipofunguliwa, akatoka asubuhi na viatu vyake vya zamani, visigino vimekanyagwa kwa kubana. Madaftari kayatia kwenye mfuko wa plastiki. Aliporudi hakuingia karakana, alikata uchochoroni. Nikamwita, "Bosi, kazi zimelala huku." Akajibu ana masomo. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Tukikutana ananiambia "Shikamoo" na kunipisha, kama anavyompisha mtu yeyote mzima njiani. Baba Baridi sikulisikia tena. Nikileta matunda anasema ameshiba, na macho yake yako kwenye matunda.

Nikajiambia, haya, umesema mtoto si wako na yeye amesikia. Unataka akupigie makofi?

Mke wangu hakununa. Angenuna ningejua pa kuanzia. Aliniandalia chakula, aliniuliza habari za kazi, tukawa tunaongea mambo ya bili ya maji na umeme kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Siku moja nilimaliza friji ya mteja, ilikuwa nzima kabisa, nikaiacha imewashwa tupu mchana kutwa. Nilitaka tu kitu kingurume mle ndani. Nilikuwa mpweke, sina namna nyingine ya kulisema, na upweke wa kuwa na watu nyumbani ni mbaya kuliko wa kukaa peke yako, maana huwezi hata kuulalamikia.

Kisha akaja mwenye bucha anataka mpira wa mfuniko wa friza. Nikakumbuka ile iliyokufa, mpira wake bado mzuri. Nikafunua.

Ndani kulikuwa na gunia limetandazwa. Nikaliinua. Viatu vyekundu vimefungwa kwenye gazeti. Begi la shule. Mwavuli mdogo, sweta, boksi la rangi, vibanio vya nywele vimepangwa kwenye kopo, soksi, mswaki. Vyote nilivyomnunulia. Nilidhani amenirudishia. Nikakaa kwenye kreti yake, na mwenye bucha nikamwambia arudi kesho.

Bosi alipopita uchochoroni nikamwita. Aliingia, akaona mfuniko uko juu, akakimbia kuufunga, kisha akachungulia barabarani.

"Usifungue. Watakuja waone."

"Akina nani?"

"Wa mahakamani." Alikuwa ananong'ona. "Ulisema hujaninunulia hata soksi. Yule mama akasema ukidanganya ni jela. Nimeviweka vyote. Mswaki nimesahau kama ulinunua wewe au mama, nikauweka tu."

Nikalitandaza gunia upya juu ya vitu vyake.

"Na mbona hukai hapa tena?"

"Wakinikuta nimekaa hapa watajua."

"Watajua nini?"

Akanitazama kama anavyomtazama mteja mgumu wa kuelewa. "Kwamba wewe ni Baba Baridi."

Nikamwambia kesi imekwisha, hakuna atakayekuja, avae viatu vyake, vile vya zamani vitamharibu vidole. Akatikisa kichwa. "Mwambie hakimu kwanza. Akisema sawa, nitavaa."

Nilikwenda. Nilitia taarifa zangu za benki na hesabu zote za karakana kwenye bahasha, nikaibana kwapani, nikaenda hadi dirisha la karani. Nilimwambia kuna neno langu nataka libadilishwe.

"Neno gani?"

"Lile hapana."

Karani akacheka, si kwa ubaya. "Mzee, ulishinda. Watu wanakuja dirishani hapa wanalia, wewe umeshinda halafu unarudi?" Akanieleza kwamba shauri limefungwa, na nikilifungua naweza kujitafutia kosa la kudanganya chini ya kiapo. Akainama karibu na kioo. "Funika kombe mwanaharamu apite. Nenda nyumbani."

Nikamwonyesha bahasha. Nikasema hesabu zangu ziko humu, zote, atazame. Akasema hazihitajiki, akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu. Miaka yote ile nilikuwa nalinda karatasi zile, na siku nilipotaka mtu azisome hakupatikana.

Jioni nikaziweka mezani mbele ya mke wangu. Alifuta mikono, akazigongagonga kwenye meza mpaka zikalingana, akazirudisha kwenye bahasha bila kusoma hata mstari.

"Sikutaka kujua unapata ngapi," akasema. "Nilitaka useme ndiyo."

Wiki iliyofuata ikanyesha mvua saa za shule kutoka, na mwavuli wa mtoto najua mwenyewe ulipo. Nikampigia mke wangu, akaiarifu shule kwamba atakuja mtu mwenye mwavuli mkubwa mweusi wenye kiraka. Nikafunga karakana nikaenda. Bosi alikuwa amesimama chini ya ukingo wa paa la lango, soksi zimelowa, mfuko wa plastiki kaukumbatia. Pembeni yake mwalimu wa zamu, kijana mgeni, hatujuani.

"Huyu ndiye wa mwavuli," mwalimu akasema. Akamwinamia mtoto. "Ni nani wako?"

Bosi hakusita. "Ni fundi. Alitutengenezea friji. Mama kamtuma."

Halafu akanitupia jicho la haraka, lile la zamani, la wakati akimaliza hesabu ngumu juu ya friza na kungoja nimwambie amepata.

"Ni kweli, mzee?" mwalimu akaniuliza.

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nimeyabeba tangu dirishani kwa karani. Lakini nikikataa, mtoto anakuwa mwongo mbele ya mwalimu wake, na kazi yake yote ya kunificha nimeivunja mimi mwenyewe.

"Ndiyo," nikasema. "Mimi fundi tu."

Tukaondoka. Alitembea pembeni kabisa mwa mwavuli, bega moja linanyeshewa, na kila nilipousogeza kwake naye alisogea. Alichechemea kwa vile viatu vya zamani. Tulipokata kona ya duka la vitabu, shule isionekane tena, akageuka kutazama nyuma, akatazama mbele, kisha akaingia chini ya mwavuli na kunishika mkono.

"Nimejibu vizuri?"

"Umejibu vizuri, Bosi."

Tukaenda hivyo kipande kizuri cha barabara. Karibu na nyumbani wakatokea watu, akauachia mkono.