Mkono Uliogoma

Fundi cherehani huyu alikuwa mbishi wa kutupwa, na goti lake la kulia lilikuwa bishi kuliko yeye. Miaka miwili alikanyaga pedali huku amekunja uso. Sasa operesheni ilikuwa keshokutwa, na hakutaka mtu yeyote, hata awe daktari bingwa, amchezee tarehe yake.

Muuguzi wa nusu kaputi, dada mwenye miwani na subira, alikuwa akimuuliza maswali ya kwenye fomu. Mke wa fundi alikaa pembeni, mkoba mapajani.

"Presha?"

"Ninayo. Nameza dawa, nikikumbuka."

"Umewahi kupata kiharusi?"

"Wapi, mwanangu. Mimi niko fiti."

Kwa akili yake hakuwa anadanganya, au tuseme hakuwa anadanganya sana. Kiharusi alikijua: ndicho kilichomlaza kaka yake, akalishwa uji kwa kijiko mpaka mwisho. Kilichompata yeye wiki tatu nyuma kilikuwa kitu kidogo tu. Alikuwa anakata suruali ya mteja, mkasi ukamponyoka, vidole vya kulia vikakataa kuuokota, na maneno yakawa mazito mdomoni. Kabla chai haijapoa, alikuwa mzima. Mkono umenigomea, akamwambia mkewe, ni uchovu huu. Mkewe akaitikia, yakaisha.

Muuguzi akaweka tiki, kisha akaiweka kalamu chini. Jibu la "hapana" kwenye fomu ile lilishawahi kumponza.

"Baba, tuache karatasi. Mkono umewahi kukugomea? Hata dakika chache?"

Swali lilimkamata pabaya, maana neno lenyewe ni lake. Akamtazama mkewe, mkewe akautazama mkoba. Akisema, goti litaahirishwa. Akinyamaza, keshokutwa atakuwa mezani. Aliogopa, tena sana, na hakujua anaogopa lipi zaidi.

"Kugoma umegoma," akasema polepole. "Mara moja, wiki tatu nyuma. Na maneno yakawa mazito."

"Basi hicho kilikuwa kiharusi kidogo, baba. Kikishapita hicho, kikubwa huwa hakiko mbali. Na kwenye operesheni presha inapanda na kushuka, damu nayo inaganda upesi. Wiki tatu ni mapema mno."

Tarehe ikafutwa palepale. Fundi alifura, akasema maneno ambayo dada wa watu hakustahili. Hata hivyo alipelekwa kupigwa picha ya shingo, na daktari akawaonyesha: mshipa wa kushoto, unaopeleka damu kwenye ubongo, ulikuwa umebaki upenyo wa kupita sindano.

"Tutaanza na huu," daktari alisema. "Goti litasubiri miezi kadhaa. Na dawa za presha ni kila siku, si ukikumbuka."

Walikaa kwenye benchi la korido, wakisubiri kuitwa dirisha la dawa. Fundi alikuwa akiusugua mkono wake wa kulia, kidole kimoja kimoja.

"Siku ile niliona mdomo wako umepinda," mkewe alisema bila kumgeukia. "Nikanyamaza. Nilijua nikitaja hospitali utaninunia mwezi mzima. Ningekuzika, baba watoto, kwa kuogopa kununiwa."

Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta. Fundi akaacha kuusugua mkono.

"Nilijua umeuona," akasema. "Nilikuwa naomba tu usiseme."