Protini Mbili Zisizoachana

Mara ya nne nilipima, na mara ya nne grafu ikanipa kilima kimoja tu. Nilikuwa natenganisha protini mbili za sumu ya nge; nilihitaji vilima viwili. Nikaitupa karatasi, nikamgeukia Osmel.

"Umeziosha vipi hizo chembe?"

"Kama miaka yote tisa, dokta. Chumvi, soda kali, maji."

"Basi umeziua."

"Zimezeeka, hazijafa. Mbona mimi na wewe bado tuko kazini?"

Sikucheka. Hapa Havana chembe za kunasia protini hazitupwi. Zinaoshwa na kurudishwa kwenye mrija, na mwoshaji ni Osmel. Hasira hasara, lakini nani aliwahi kulikumbuka hilo akiwa nayo? Siku hiyohiyo nilimwandikia mkurugenzi kwamba Osmel anaharibu kazi, aondolewe. Osmel mwenyewe nikamwambia usoni kwamba anaharibu kazi. Akanimiminia kahawa kama kawaida, na hilo likanichoma zaidi.

Jaribio la tano, saa nne asubuhi, umeme ukakatika. Pampu kimya, chumba cha baridi chenye mrija kikaanza kupata joto. Nikaulaani umeme na aliyeuleta.

"Tuache," nikasema. "Na sumu yenyewe ndiyo ya mwisho!"

"Ishaingia kwenye mrija, mama. Ukiiacha inaoza."

Akapanda kiti, akaitundika juu ya mrija chupa ya maji ya dawa yanayozipitisha protini, matone yakashuka yenyewe. Alikaa mle mpaka saa tisa akiyakinga kwenye vichupa, jasho likimtiririka.

Umeme uliporudi nikapima. Vilima viwili, vimeachana kabisa.

Chembe zilikuwa zilezile; kilichobadilika ni joto tu. Yale maji ya dawa niliyatengeneza mimi, nikapima uchachu wake mezani kwangu, kwenye joto la nyuzi thelathini, kisha nikayapeleka baridini. Yakipoa uchachu hupungua, na protini iliyopaswa kupita inanaswa pamoja na mwenzake. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanalijua hilo. Ninawafundisha mimi.

Nikamkimbilia mkurugenzi. Alikuwa keshatia saini: Osmel anahamia bohari Jumatatu.

"Ulisisitiza mwenyewe, Idalmis. Na nafasi yake tumeshaifuta."

Nilirudi nikamkuta Osmel anaosha chembe. Nikamwambia yote, barua na kosa langu. Aliendelea kuosha.

"Mwezi wa pili nilikwambia ukapimie uchachu mle kwenye chumba cha baridi," akasema. "Ukanijibu mle kuna baridi."