Chokaa ya Alfajiri, Siki ya Mchana

Fundi Betri alikuwa ameshika tama ukingoni mwa bwawa, kikaratasi cha kupimia ukali wa maji kimegeuka njano kiganjani. Sita. Jana alfajiri alimwaga chokaa, juzi vilevile, na namba imekataa katakata kupanda. Samaki wengine walikuwa wanaelea tumbo juu.

Bwawa lenyewe lilikuwa la saruji, nyuma ya nyumba, maji yake kijani kibichi. Mwenye gereji anakofanya kazi alishamwambia mwaka ukiisha atafute shughuli nyingine, maana macho yake hayaoni tena vizuri. Kwa hiyo samaki hao ndio waliokuwa tegemeo la uzee wake na mkewe. Wakifa wote, ndiyo basi tena.

Mtaalamu wa samaki alipowaletea vile vikaratasi aliwafundisha wote wawili. Saba ni katikati. Namba ikishuka, ukali wa tindikali unazidi: limau liko kwenye mbili, maziwa yanaikaribia saba, damu ya mtu imeipita saba kidogo tu, maji ya majivu yako huko juu. Mkewe akauliza, mbele ya kaka zake waliokuja kuwatembelea, iweje kitu kikali zaidi kipewe namba ndogo. Fundi Betri, aliyezoea kuunguzwa na maji ya betri tangu ujana, akaangua kicheko, akasema huyu abaki na mikate yake. Mkewe, anayeoka mikate kiwandani asubuhi, alinuna, na mama huyo akinuna amenuna. Tangu hapo chakula kinawekwa mezani, shati linapigwa pasi, neno hakuna.

Sasa Fundi Betri, huyo mjuzi wa tindikali, alikuwa haelewi kitu. Chokaa inapunguza ukali, hilo halina ubishi. Anaimwaga alfajiri, anakwenda gereji, kesho yake anakuta ukali umerudi palepale. Alidhani chokaa ni feki, akabadilisha duka. Alidhani vikaratasi vimeharibika, akachovya kimoja kwenye maji ya betri. Kikawa chekundu barabara, rangi ya tindikali kali; kumbe vizima. Mwisho akaanza kukishuku kichwa chake mwenyewe, akaogopa.

Siku hiyo kazini alichanganya nyaya, nusura aunguze gari la mtu, na mwenye gereji akamrudisha nyumbani mchana. Akaenda moja kwa moja bwawani, akachovya. Bluu. Tisa. Hakujua afurahi au ashangae. Kabla hajanyanyuka, akamwona mkewe anakuja na dumu la siki.

"Unafanya nini, mama watoto?"

"Ninachofanya kila siku nikitoka kazini." Ilikuwa kama sauti ya mgeni. "Napima, nakuta tisa, natia siki. Kesho yake nakuta tisa."

"Mimi alfajiri nakuta sita. Natia chokaa."

Mkewe akalitua dumu taratibu. "Unatia nini?"

Wakampigia simu mtaalamu, kila mmoja akidakia maneno ya mwenzake. Akawauliza nani anapima saa ngapi. Walipomwambia, akashusha pumzi.

"Ule ukijani ni mimea. Usiku inapumua, inatoa hewa inayoyatia maji ukali. Jua likitoka inaila hewa hiyohiyo, namba inapanda. Ni kawaida, na samaki wanavumilia. Wasichovumilia ni kusukumwa huku na huku na dawa zenu."

Fundi Betri alisikia kila neno na bado kichwa kilikuwa kinamzunguka. Maji yaleyale yawe makali na yasiwe makali, tena yote mawili sawa?

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko. Alfajiri, sita. Mkono wake ukawasha kutaka chokaa, akaukalia. Mkewe akatoka na ndoo, akaipindua, akakaa kando yake. Wakapima, wakabishania rangi, wakapima tena. Jua likapanda. Njano ikawa kijani, kijani ikawa bluu, na hakuna aliyetia kitu.

"Maji hayakuwa na ugonjwa," mkewe akasema. "Samaki wote tuliowafukia, tumewaua wenyewe kwa kuwatibu."

Fundi Betri akalia, mtu mzima na mvi zake, na hata yeye hakujua analilia samaki, au analia kwa kuwa mkewe ameongea naye tangu alfajiri.