Bei ya Mwalimu Josphat

“Thelathini na nane,” alisema Mwalimu Josphat, akiinua simu kwa mkono uliochomwa sindano ya dripu. “Ijumaa asubuhi nilikuwa sabini na moja. Leo Jumapili niko thelathini na nane. Peninah, nimefanya nini tangu Ijumaa, zaidi ya kulala hapa?”

Peninah hakuinua uso. Alikuwa amepiga magoti akifuta magurudumu ya kitanda, na kitambaa chake cha bluu kilikuwa kimesimama palepale.

Ilikuwa hospitali ya watu wenye uwezo, huko Qurum katika nchi ya Waarabu, na huu ulikuwa mwaka wake wa nne kama msafishaji wa ghorofa ya tatu. Mwalimu aliletwa kwa siri wiki mbili nyuma, kwa jina la pasipoti ambalo kwao Kenya hakuna aliyelijua. Alhamisi hii jimbo lao lingefanya uchaguzi mdogo wa mbunge, naye alikuwa mgombea. Wapiga kura waliambiwa anapumzika kidogo Nairobi. Peninah alimtambua siku ya kwanza, kwa sauti tu. Sauti ile ndiyo iliyomfundisha hesabu darasa la sita.

Ndani ya simu ile mlikuwa na soko la ajabu, soko la ubashiri. Ukiamini mgombea atashinda, unanunua hisa zake. Ukikosa imani, unaziuza, na bei inashuka. Bei ya sabini na moja maana yake soko linampa nafasi sabini na moja kwa mia. Madaktari walikuwa wameacha kumpa Mwalimu tarakimu yoyote, basi hiyo ndiyo aliyoitazama kila asubuhi kabla ya dawa.

“Kuna mtu anajua niko hapa, na ameuza,” alisema. “Manesi hapa hawajui Kiswahili, wala hawanijui. Nani basi?”

“Si mimi, Mwalimu.”

“Najua si wewe. Wewe ni mtoto wetu.”

Afadhali angemtukana.

Kwa maana alikuwa ni yeye. Ijumaa, baada ya ibada, kwani huko makanisa husali Ijumaa, alipitia Ruwi kwa kaka yake Zachariah, mlinzi wa duka la simu, mtu wa kujua kila kitu kabla hakijatokea. Zachariah alikuwa amenunua hisa za Mwalimu na alijisifu mpaka chai ikapoa. Peninah, chapati mdomoni, akasema, “Usimwekee.” Hivyo tu. Hakutaja hospitali. Hakutaja damu aliyoikuta kwenye pipa siku tatu mfululizo, kwani daktari husoma vipimo na msafishaji husoma pipa la taka. Lakini Zachariah alijua dada yake anafanya kazi wapi. Aliuza palepale, akawanong’oneza wenzake kwenye kundi lao la WhatsApp, na soko la jimbo dogo nalo ni dogo. Wachache walipokimbia, wengine waliwafuata bila kuuliza moto uko wapi.

“Nimegombea mara tatu nikaanguka,” Mwalimu alisema, akilaza simu kifuani. “Hii ni ya nne. Niahidi kitu, mwanangu. Hata nikienda, usiseme. Wacha nifike Alhamisi nikiwa mgombea, nisifike nikiwa marehemu.”

“Naahidi, Mwalimu.” Aliahidi haraka mno, kwa aibu, huku akianza tena kufuta gurudumu lililokwisha kung’aa.

Jumatatu mpwa wake Mwalimu, bwana mmoja wa suti aliyekuja naye kutoka Kenya, aliinua kitanda, akamvalisha mzee koti juu ya gauni la hospitali, akamrekodi kwa simu. Peninah aliendelea kupiga deki; hakuna aliyemwambia atoke. Jumanne asubuhi alipofika, kitanda kilikuwa kitupu.

Chumba cha aliyekufa husafishwa kwa utaratibu wake. Unaanza juu, unashuka chini. Godoro unalifuta pande zote mbili. Mapazia unayashusha yote yakafuliwe. Peninah alifanya hivyo pole pole, na machozi yalipomjia aliyaacha yashuke, kwa kuwa mikono ilikuwa na glavu. Mpwa alimngojea kwenye korido.

“Dada, mzee amehamishwa. Umenielewa?”

“Nimeelewa.”

Adhuhuri, akipita na ndoo, alisikia kikohozi cha Mwalimu nyuma ya pazia. Aligeuka. Pazia lenyewe halikuwapo, alikuwa amelishusha kwa mikono yake. Aliogopa, akaacha ndoo katikati ya njia mpaka msimamizi akamfokea kwa Kiarabu aharakishe, “Yalla, Peninah!”

Wakati wa chakula alilifungua lile soko. Alitarajia kukuta sifuri. Akakuta arobaini na nne. Jioni, ndani ya basi la wafanyakazi, ilikuwa hamsini na saba. Jumatano alipoamka ilikuwa sitini na tatu. Mtu yuko kwenye jokofu la chumba cha maiti, orofa ya chini, na bei yake inapanda! Usiku huo wote alikuwa amemwota amekaa kitandani, akimuuliza kwa upole ni nani aliyeuza.

Saa nne asubuhi Zachariah alipiga. Peninah aliipokea simu akiwa kwenye ngazi.

“Wueh, sister, kumbe ulinidanganya! Umeona video? Imeanza kuzunguka jana, mimi nimeiona leo. Mwalimu anaongea, amevaa koti, ako sawa kabisa. Na huyo nyuma yake na mop si ni wewe?”

Peninah alishuka vidato viwili, mbali na mlango.

“Peninah? Mimi siulizi mambo mengi. Ni wewe ama si wewe?”

Neno lilimfika kwenye meno. Amekufa. Lakini aliuona ule mkono wa dripu, akaisikia ile sauti ikisema wewe ni mtoto wetu, na akataka, angalau mara moja, kuwa yule mtu ambaye Mwalimu alimdhania.

“Ni mimi,” alisema.

“Basi! Naweka pesa yote, hata ile nilikuwa naiweka ya kurudi nyumbani. Kesho kutwa saa hizi tunacheka.”

“Zach, ngoja kwanza—”

Alikuwa amekata. Peninah alisimama na simu mkononi. Miaka sita kaka yake alikuwa amesimama mlangoni pa duka la watu, katika joto la Ruwi, kwa ajili ya hiyo “ile”. Alipiga. Inatumika. Alipiga tena. Laini inatumika, bila shaka alikuwa akiwaambia wenzake. Kwenye soko bei ilifika sitini na nane, kisha sabini na nne.

Mara ya tatu simu ikaita. Ikaita sana. Kisha Zachariah akapokea, akiwa na watu, akicheka.

“Haya, dada yangu. Sema.”

Na nyuma yake, kwenye simu ya mtu mwingine, Mwalimu Josphat wa ile video alikuwa akiwaambia watu wake wasisikilize uvumi, yuko njiani anakuja.