Jina la Kazini

Viza ya matembezi ya dada mtu ilikuwa imeisha zamani, kwa hiyo alifua mashuka ya hoteli huko ughaibuni kwa kibali cha kazi cha mdogo wake, aliyekipata kwa kuolewa na mwenyeji. Wamefanana kama shilingi kwa ya pili, nani angejua? Msimamizi alimwita kwa jina la mdogo wake, akamsifu kwa jina hilo hilo, na kila sifa ilimchoma roho. Jasho lake, jina la yule anayeshinda kwenye kochi akipaka kucha rangi.

Jumapili shemeji aliingia na viatu vipya vyekundu vya kike mkononi, akamwita mkewe kwa jina.

"Abee," dada mtu akaitikia jikoni, akatoka mbio akijifuta mikono.

Shemeji akacheka, akampita. "Si wewe, shemeji. Namwita mwenye jina lake."