Biskuti za Jorinde

Binti wa Femke, Jorinde, alizaliwa hana pumzi. Femke aliporudi kutoka hospitali, alikuta mama mkwe wake, Tjitske, ameshapandisha kitanda cha mtoto darini.

"Nimekupunguzia uchungu. Bado u kijana, utazaa mwingine."

Waliokuja kuwapa pole walijaa sebuleni wakipiga soga za mvua, ndipo Femke alipoingia na sinia la biskuti kavu zenye siagi na peremende za rangi ya waridi, zile ambazo kwa desturi yao huliwa kila nyumba anapozaliwa binti.

Tjitske alimaka. "Una wazimu? Mtoto amekufa!"

"Kwanza alizaliwa, mama. Tena na miguu mipana kama yako." Akamsukumia sinia kifuani. "Kula, au taja jina lake. Ukishindwa yote mawili, mlango unaujua."